Mapafu hayana misuli ya kujitanua: hewa huingiaje, na kwa nini tunatoa oksijeni nyingi bila kuitumia?

Mzazi Msomaji aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimekuwa nikimsaidia binti yangu kujiandaa kwa mtihani wa baiolojia, na katika sura ya mfumo wa upumuaji tumekwama mahali ambapo sikutarajia. Kitabu chake kinaeleza njia ya hewa kwa utaratibu mzuri: hewa huingia puani, hupita kooni na kwenye zoloto, hushuka katika trakea, hugawanyika katika bronki mbili, kisha hufuata matawi yanayozidi kuwa membamba mpaka kwenye vifuko vidogo viitwavyo alveoli, ambako oksijeni huingia katika damu na kaboni dioksaidi hutoka. Hayo aliyakariri kwa siku moja. Baada ya hapo akaniuliza maswali matatu ambayo sikuweza kuyajibu kwa namna ya kuniridhisha mimi mwenyewe, sembuse yeye.

La kwanza ni hili. Kitabu kinasema kwamba mapafu hutanuka na kuvuta hewa, lakini katika mchoro wa pafu hakuna msuli wowote ambao ungeweza kulitanua, na maelezo yenyewe yanasema kwamba nyama ya pafu ni laini kama sifongo. Ikiwa kazi hiyo inafanywa na diaframu iliyo chini yake, mbona pafu halijashikizwa kwenye diaframu wala kwenye mbavu?

La pili linahusu hesabu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na hewa tunayotoa bado inayo kiasi cha asilimia 16. Binti yangu anaona kwamba huo ni ubadhirifu, kwa kuwa mtu akikosa oksijeni hufa kwa dakika chache, ilhali mwili wake unaitoa nje sehemu kubwa ya oksijeni iliyokwisha kuingia.

La tatu linatokana na la pili: ikiwa oksijeni inayosalia ni nyingi kiasi hicho, kwa nini mtu anayebana pumzi huzidiwa mapema, mara nyingi kabla ya dakika moja kwisha?

Naomba majibu ya kina, hata yakiwa marefu. Mtihani ataufaulu kwa kukariri. Ninachotaka mimi ni aelewe.

Mwalimu wa Fiziolojia alijibu:

Ndugu Mzazi, nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na swali la kwanza la binti yako ndilo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. Nitajibu hilo na la pili, na la tatu nitawaachia wenzangu.

Binti yako ana haki ya kushuku. Pafu halijitanui. Katika kuta za njia zake za hewa kuna misuli laini, lakini kazi ya misuli hiyo ni kubadili upana wa njia, na haina uwezo wa kulifungua pafu. Kinachotanuka ni kifua. Kichukulie kifua kama sanduku lililozibwa pande zote, lenye tundu moja tu juu, ambalo ni trakea. Kuta zake ni jozi 12 za mbavu, uti wa mgongo nyuma na mfupa wa kidari mbele. Sakafu yake ni diaframu, yaani kiwambo cha msuli kilichobinuka juu kama kuba. Msuli huo unapokaza, kuba hushuka. Katika pumzi ya utulivu hushuka sentimita moja hivi, na katika pumzi nzito sana inaweza kufika sentimita 10. Wakati huohuo misuli iliyo baina ya mbavu huziinua mbavu juu na nje, kama mpini wa ndoo unavyoinuliwa kutoka ubavuni mwa ndoo. Nafasi ya ndani inaongezeka, shinikizo la hewa iliyomo linapungua kidogo chini ya lile la anga, na hewa ya nje, ambayo daima inatuelemea kutoka kila upande, inasukumwa ndani mpaka mashinikizo mawili yalingane. Kwa hiyo neno "kuvuta" hewa, ambalo sote tunalitumia, linaficha nusu ya ukweli: mwili hufungua nafasi, na anga ndiyo inayosukuma.

Sasa tuje kwenye mshikizo ambao binti yako ameutafuta bila kuuona. Kila pafu limefunikwa na utando mwembamba uitwao pleura. Utando huo umelikumbatia pafu, kisha unapofika kwenye shina lake hugeuka na kuutandika upande wa ndani wa kifua, hivyo kuna tabaka mbili zinazotazamana. Baina yake kuna majimaji machache sana, mililita chache tu, kiasi cha kuzilowesha. Chukueni vipande viwili vya kioo, mtie tone la maji katikati, kisha mjaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta moja kwa moja: vitateleza kimoja juu ya kingine bila shida, lakini kuvibandua ni kazi. Pleura hufanya hivyohivyo. Pafu huweza kuteleza kwenye ukuta wa kifua wakati wa kupumua, lakini haliwezi kuachana nao, na kifua kinapopanuka pafu hulazimika kukifuata.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulipitia haraka. Pafu limejaa nyuzi za kunyumbuka, na saa zote linataka kusinyaa kuelekea shina lake. Kifua kwa upande wake kinataka kutanuka nje. Viwili hivi vinavutana, na kwa sababu hiyo shinikizo lililo baina ya tabaka mbili za pleura huwa chini ya lile la anga kwa kiasi cha sentimita 5 za maji (shinikizo hupimwa kwa kimo cha maji au cha zebaki linachoweza kukiinua) hata mtu anapokuwa ametulia baada ya kutoa pumzi. Ushahidi wake ni wa kusikitisha lakini uko wazi: mtu akichomwa kifuani, hewa ikapenya baina ya tabaka hizo, mvutano hukatika, pafu husinyaa na ukuta wa kifua huruka nje kidogo. Pafu lenyewe linaweza kuwa zima bila jeraha, na diaframu ikaendelea kukaza, lakini hewa haiingii inavyotakiwa kwa kuwa kilicholiunganisha pafu na ukuta wa kifua hakipo tena. Mungu ametujalia mifuko miwili ya pleura iliyotengana, kwa hiyo pafu moja likisinyaa la pili huendelea.

Kutoa pumzi tukiwa tumetulia hakuhitaji msuli wa kutoa. Diaframu inalegea, zile nyuzi za kunyumbuka zinalirudisha pafu katika umbo lake, na hewa inatoka. Ni pale tunapokimbia, kuimba, kukohoa au kupuliza moto ndipo misuli ya tumbo huingia kazini.

Kuhusu ubadhirifu wa oksijeni, nimsihi binti yako abadili kidogo namna ya kulitazama jambo hili. Mtu mzima aliyetulia huingiza kiasi cha mililita 500 kwa pumzi moja. Kati ya hizo, kama mililita 150 hazifiki kwenye alveoli kabisa. Hubaki puani, kooni, katika trakea na katika bronki, ambako hakuna ubadilishanaji wa gesi, kisha hutoka zikiwa karibu kama zilivyoingia. Zinazofika ni kama 350. Hizo nazo hukuta pafu likiwa tayari na hewa ya zamani, kwa kuwa hata baada ya kutoa pumzi ya kawaida hubaki zaidi ya lita mbili ndani. Hewa mpya ni nyongeza ndogo katika akiba kubwa. Mwanzoni hilo linaonekana kama kasoro, lakini matokeo yake ni kwamba kiwango cha oksijeni ndani ya alveoli hakipandi na kushuka kwa kila pumzi. Damu inayopita hapo wakati wowote hukuta hali ileile.

Na kwa nini oksijeni yote isichukuliwe? Kwa sababu hakuna pampu inayoichukua. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo wanasayansi wakubwa, Christian Bohr akiwa mmoja wao, walioamini kwamba pafu huitoa oksijeni hewani na kuitia katika damu kwa nguvu zake lenyewe, kama tezi inavyotoa mate. August Krogh, aliyekuwa mwanafunzi wa Bohr, pamoja na mkewe Marie Krogh, walionyesha mnamo 1910 kwamba sivyo: oksijeni husambaa yenyewe kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye shinikizo dogo, basi. Damu hufika kwenye mapafu ikiwa na shinikizo la oksijeni la kama milimita 40 za zebaki, na katika alveoli shinikizo hilo ni kama 100. Tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma. Lau mwili ungeitumia oksijeni ya alveoli mpaka ikaribie kwisha, shinikizo lake lingeshuka, na damu ingeondoka hapo ikiwa na upungufu uleule. Oksijeni ambayo binti yako anaiona kuwa imetupwa ndiyo inayoliweka shinikizo juu ili damu ijae. Tena inajaa haraka: chembe nyekundu ya damu hukaa katika kapilari, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, ya pafu kwa takriban robo tatu ya sekunde mtu akiwa ametulia, na kwa mtu mwenye afya hemoglobini yake, yaani protini inayobeba oksijeni, hujaa ndani ya robo sekunde ya kwanza. Muda unaosalia ni akiba ya wakati wa kukimbia, damu inapopita kwa kasi.

Haraka hiyo inawezekana kwa sababu ya umbo la pafu. Njia ya hewa hugawanyika mbilimbili takriban mara 23 kutoka trakea, na mwishoni kuna alveoli kati ya milioni 300 na 500, kila moja ikiwa na upana wa kama sehemu 2 za 10 za milimita. Zikitandazwa zote, eneo lake ni kati ya mita za mraba 50 na 100, na ukuta unaotenganisha hewa na damu haufikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita.

Niongeze kwamba ile asilimia 16 ndiyo inayofanya msaada wa kumpulizia mtu pumzi mdomoni uwezekane. Hewa niliyokwisha kuitumia mimi inatosha kumweka mwingine hai.

Muuguzi wa Watoto Wachanga alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu. Naomba niongeze kani moja ambayo hakuitaja, kwa kuwa ndiyo ninayokabiliana nayo kila zamu, na bila kuijua mtu hataelewa kwa nini pafu linaweza kushindwa kufunguka hata kama diaframu, mbavu na pleura vyote viko sawa.

Upande wa ndani wa alveoli umelowa. Panapokutana maji na hewa, chembe za maji huvutana na kujaribu kupunguza ukubwa wa uso wao, na ndiyo maana tone la maji hujikunja likawa duara. Ndani ya kifuko kidogo, mvutano huo hukibana kifuko kuelekea katikati, na kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo kinavyohitaji shinikizo kubwa zaidi ili kisijifunge. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard alilijaza pafu kwa kimiminika badala ya hewa, akaona kwamba linatanuka kwa shinikizo dogo zaidi, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali maji yanapokutana na hewa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ukaidi wa pafu katika kutanuka inatokana na utandu huo wa maji, na nyuzi za kunyumbuka zina sehemu yake tu.

Mwili una dawa yake. Katika kuta za alveoli zimo seli za aina ya pili, ambazo hutengeneza mchanganyiko wa mafuta na protini uitwao safaktanti na kuumwaga juu ya utandu huo wa maji. Safaktanti hujipenyeza baina ya chembe za maji na kuudhoofisha mvutano wao. Jambo ninalolistaajabia kila ninapolifikiria ni kwamba kifuko kinapopungua, safaktanti hubanana na kufanya kazi kwa nguvu zaidi, yaani msaada huongezeka pale hasa hatari ya kujifunga inapoongezeka.

Mtoto akiwa tumboni hahitaji mapafu kwa ajili ya oksijeni. Huipata kwa mama kupitia kondo, na mapafu yake yamejaa majimaji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe. Safaktanti huanza kutengenezwa takriban wiki ya 24 ya ujauzito, lakini kiasi cha kutosha hupatikana karibu na wiki ya 35. Mtoto anayezaliwa mapema sana hukuta mapafu yake yakijifunga kila anapotoa pumzi. Sisi sote tulifanya kazi kubwa katika pumzi yetu ya kwanza. Yeye huirudia kazi hiyo kwa kila pumzi, mara 60 au zaidi kwa dakika, mpaka achoke. Ngozi baina ya mbavu zake huingia ndani, mianzi ya pua hutanuka, na husikika akiguna kila anapotoa hewa. Mguno huo wengi huudhania kuwa ni kilio cha maumivu, kumbe mtoto anaifunga nusu njia ya sauti ili hewa isitoke yote na alveoli zisifungike. Hakuna aliyemfundisha.

Zamani chanzo cha ugonjwa huu hakikujulikana. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu yalikosa safaktanti. Miaka minne baadaye Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, alifariki kwa ugonjwa huohuo akiwa na umri wa siku mbili, kwa sababu kujua chanzo kulikuwa hakujazaa tiba. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake nchini Japani walitangaza kwamba wamewatibu watoto kwa kuwatilia safaktanti katika trakea, na leo tunafanya hivyo, pamoja na kumpa mama dawa za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa na kumsaidia mtoto kwa shinikizo la hewa kupitia puani. Nimemwona mtoto wa rangi ya kijivu akigeuka kuwa na rangi ya uhai dakika chache baada ya kupewa, na sijawahi kulizoea tukio hilo.

Mzazi Msomaji aliandika:

Nimesoma majibu yote mawili kwa sauti, na binti yangu amechora upya mchoro wake. Asanteni sana. Kuna swali lililozuka ambalo ni langu mwenyewe. Mdogo wangu ana pumu tangu utotoni, na kila anapobanwa husema kwamba shida yake kubwa ni kuitoa hewa, kuliko kuiingiza. Sikuwahi kumwelewa. Ikiwa kutoa pumzi hakuhitaji msuli, mbona kwake ndiko kugumu?

Mwanafunzi wa Udaktari alijibu:

Mdogo wako anaeleza kwa usahihi kabisa. Njia za hewa zilizo ndani ya pafu hazisimami peke yake. Zimeshikwa pande zote na nyama ya pafu. Pafu linapotanuka, nyama hiyo huvuta kuta za njia na kuzipanua; linaposinyaa, mvuto hupungua na njia huwa nyembamba. Kwa mtu mzima wa afya tofauti hiyo haisumbui. Kwa mwenye pumu, ambaye misuli laini ya njia zake imekaza, ngozi ya ndani imevimba na ute umeongezeka, upenyo uliokuwa mdogo wakati wa kuingiza hewa hukaribia kuziba wakati wa kuitoa, na mlio wa filimbi husikika. Akijaribu kuitoa kwa nguvu, shinikizo analoliongeza kifuani huzibana njia hizohizo kutoka nje. Hewa hubaki imenaswa, kifua hujaa, na pumzi inayofuata lazima aivute akiwa tayari karibu na ukomo wa kutanuka.

Upenyo una uzito mkubwa katika jambo hili. Ikiwa hewa inatiririka kwa utulivu, nusu kipenyo cha njia kikipungua kuwa nusu ya kilivyokuwa, ukinzani, yaani ugumu wa hewa kupita, hauongezeki mara 2 bali mara 16. Ndiyo sababu bronkioli, ambazo ni nyembamba kuliko njia zote na hazina gegedu la kuzizuia zisifungike, ndizo zenye ukinzani mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya pafu, hata kwa mtu asiye mgonjwa.

Mwalimu wa Fiziolojia alijibu:

Maelezo ya ndugu Mwanafunzi kuhusu pumu ni mazuri na ninayaunga mkono, ila sentensi yake ya mwisho inahitaji kusahihishwa, na nasema hivyo kwa upole kwa sababu kosa hilo liliwahi kuaminiwa na wataalamu kwa muda mrefu. Bronkioli moja ina ukinzani mkubwa, hilo ni kweli. Lakini hewa haipiti katika bronkioli moja. Hupita katika maelfu kwa maelfu kwa wakati mmoja. Trakea ina eneo la upenyo la kama sentimita za mraba 2.5, na ukijumlisha mapenyo ya njia zote za mwishomwisho unapata maelfu ya sentimita za mraba. Ni kama mto unaofika uwandani na kutawanyika katika vijito visivyohesabika: kila kijito ni chembamba, ila maji kwa jumla yana nafasi kubwa zaidi na huenda polepole. Kwa mtu wa afya, ukinzani mwingi uko puani, kooni na katika bronki za ukubwa wa kati. Njia zenye upana wa chini ya milimita 2 huchangia chini ya moja ya tano ya ukinzani wa njia zilizo chini ya zoloto. Kasi ya hewa hupungua hivi kwamba katika milimita chache za mwisho gesi hazisukumwi tena na mkondo, husambaa zenyewe.

Sisisitizi jambo hili kwa ajili ya kushinda hoja. Linawahusu wagonjwa. Kwa kuwa njia ndogo huchangia sehemu ndogo ya ukinzani, ugonjwa unaweza kuharibu nyingi kati yake, kwa mfano kwa mvutaji wa sigara, huku mtu akipumua bila kuhisi tofauti yoyote na vipimo vya kawaida vikiwa karibu na sawa. Anapoanza kukosa pumzi akipanda ngazi, uharibifu una miaka mingi.

Mwanafunzi wa Udaktari alijibu:

Nimepokea sahihisho, Mwalimu, na nashukuru. Nilichanganya ukinzani wa njia moja na ukinzani wa njia zote kwa pamoja.

Mkufunzi wa Uogeleaji alijibu:

Naona swali la tatu la mtoto bado halijajibiwa, na nisingependa lipotee, kwa kuwa majibu ya kubahatisha katika jambo hili yamewaua waogeleaji hodari.

Mtu aliyetulia hutumia kiasi cha mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Akijaza mapafu kabla ya kubana pumzi, akiba yake ingemtosha kwa muda mrefu kuliko anaoweza kuuvumilia. Kinachomlazimisha afungue mdomo ni kaboni dioksaidi inayorundikana. Gesi hiyo huvuka kutoka kwenye damu na kuingia katika ugiligili unaouzunguka ubongo, huko hufanya asidi, na seli zilizo kwenye shina la ubongo huihisi asidi hiyo na kuamuru pumzi kwa nguvu inayozidi kila sekunde. Vipo pia vihisio vya oksijeni, navyo viko shingoni pale mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani inapogawanyika. Utafiti kuhusu vihisio vya namna hiyo ndio uliompatia mwanasayansi Corneille Heymans Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Lakini hivyo hupiga kelele hasa pale shinikizo la oksijeni katika damu linaposhuka chini ya milimita 60 hivi za zebaki, yaani mambo yakiwa yamekwisha kuharibika.

Hapo ndipo ilipo hatari. Wapo waogeleaji wanaopumua haraka na kwa kina mara nyingi kabla ya kuzama, wakiamini kwamba wanajaza oksijeni. Damu yao ilikwisha kujaa kwa takriban asilimia 97 kabla hawajaanza, kwa hiyo wanachoongeza ni kidogo mno. Wanachokifanya hasa ni kuipunguza kaboni dioksaidi, na kwa kufanya hivyo wanaizima kengele. Chini ya maji oksijeni hupungua kama kawaida, lakini ile haja ya kupumua haijitokezi kwa wakati wake, na mtu hupoteza fahamu akiwa anajiona yuko salama. Hapigi kelele wala hafurukuti. Binti yako akitaka kujaribu kubana pumzi, afanye hivyo akiwa ameketi nchi kavu, bila kupumua haraka kwanza. Ajaribu mara moja baada ya kuvuta pumzi na mara moja baada ya kuitoa, apime muda. Tofauti atakayoiona inatokana na kiasi cha hewa kilichomo mapafuni kama akiba anapoanza kubana.

Mzazi Msomaji aliandika:

Amejaribu akiwa kitini, na muda wa pili ulikuwa mfupi sana kuliko wa kwanza. Nawashukuru nyote kwa moyo wenu. Ana swali moja la mwisho kuhusu mchoro wake: katika kitabu bronki ya kulia imechorwa nene na fupi kuliko ya kushoto, na pafu la kulia lina vipande vitatu ilhali la kushoto lina viwili. Anadhani mchoraji alikosea, na yeye amezichora zikiwa sawa.

Mwalimu wa Fiziolojia alijibu:

Mchoraji hakukosea. Moyo umeelemea upande wa kushoto na umechukua nafasi ya pafu, na ukingo wa mbele wa pafu la kushoto una bonde ambamo moyo umelala. Bronki ya kushoto lazima isafiri mbali zaidi na kwa mlalo zaidi ili kulifikia pafu lake. Ya kulia ni fupi, pana na imesimama wima karibu kama mwendelezo wa trakea. Kwa sababu hiyo mtu mzima akipaliwa na kitu kikapita zoloto, mara nyingi daktari hukikuta upande wa kulia. Azichore upya, ya kulia ishuke wima na ya kushoto ipite juu ya moyo.